Nimeondoa kila programu ya kampuni kubwa kwenye simu yangu ya zamani, mbona bado inabisha hodi kwao?

#1 Kitambuzi

Wakuu, salaam. Nina simu ya mwaka 2018 ambayo mtengenezaji wake aliacha kuiletea masasisho siku nyingi zilizopita. Badala ya kuitupa nilifungua butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo wa simu), nikafuta mfumo uliokuja nayo, kisha nikaweka mfumo huria wa jumuiya uliojengwa juu ya msimbo chanzo wa Android. Sikuweka duka la programu la Google wala huduma zake, na simu haina akaunti yoyote ndani yake. Programu karibu zote nimezitoa F-Droid, duka la programu huria: ramani ni OsmAnd, nywila zangu zimo KeePassDX, na video natazama kwa NewPipe. Mbili tu ndizo zilizotoka kwingine.

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba nimeachana na kampuni hizo moja kwa moja. Wiki iliyopita nikaweka Pi-hole kwenye mtandao wa nyumbani, ambayo huandika kila jina la seva linaloulizwa na kila kifaa, na nikaiacha simu mezani usiku kucha ikiwa imezimwa skrini, bila laini, kwenye Wi-Fi pekee. Asubuhi nilikuta orodha ya majina yanayoishia na gstatic.com na googleapis.com, yote ya Google, pamoja na time.android.com, na jingine ambalo sikuwahi kuliona maishani, linaloishia na izatcloud.net.

Swali langu ni hili: nani anayebisha hodi huko wakati mimi nimelala? Na kama mfumo wenyewe ndio unaofanya hivyo, kazi yote niliyoifanya ilikuwa na maana gani?

#2 Kokoto

Mkuu, jibu liko kwenye hilo jina la mwisho. izatcloud.net ni mali ya Qualcomm, waliotengeneza chipu iliyomo ndani ya simu yako. Mwezi Aprili 2023 kampuni ya Nitrokey ya Ujerumani ilichapisha uchunguzi wake kuhusu simu ya Sony Xperia XA2 iliyowekewa /e/OS, mfumo usio na huduma za Google, na ikakuta simu hiyo inawasiliana na seva hizohizo. Mimi nimekuwa nikisema siku zote kwamba unaweza kubadilisha mfumo mara mia, lakini chipu ina mfumo wake wa ndani ambao haukuombi ruhusa. Umepaka rangi kuta za nyumba ambayo msingi wake si wako.

#3 FundiSaa

Ndugu Kokoto, huo uchunguzi ni wa kweli na simu ilikuwa inawasiliana na seva hizo kweli, lakini maelezo ya kwanza yaliyotolewa kwamba chipu inaukwepa mfumo na kupeleka data yenyewe yalipingwa mara moja na wahandisi kadhaa, wakiwemo wa GrapheneOS, mfumo huria wa Android unaolenga usalama. Kinachotokea ni hiki. Mpokeaji wa mawimbi ya setilaiti akianza bila kujua lolote, anapaswa kusikiliza ujumbe wa setilaiti zenyewe, na ujumbe kamili wa GPS huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Ili kumpunguzia mtumiaji subira, Qualcomm hutoa faili ndogo, inayoitwa XTRA, yenye makadirio ya njia za setilaiti kwa siku zijazo. Faili hiyo hupakuliwa na huduma inayoendeshwa ndani ya Android, kupitia mtandao uleule unaotumiwa na programu nyingine.

Ushahidi mwingine anao Kitambuzi mwenyewe. Kama chipu ingekuwa na njia yake ya siri, Pi-hole isingeliona jina hilo. Imeliona kwa sababu swali lilipita mlango wa kawaida.

Nikirudi kwenye gstatic.com: Android kila inapojiunga na mtandao huuliza ukurasa mmoja mdogo kwenye connectivitycheck.gstatic.com, na hutarajia jibu tupu lenye namba 204. Likija jibu jingine, simu hujua kwamba mtandao huo una ukurasa wa kuingilia, au hauna intaneti. Tabia hiyo imo katika msimbo chanzo wa Android kwa chaguomsingi, na mifumo mingi ya jumuiya imeiacha kama ilivyo. Vivyo hivyo time.android.com ni seva ya saa. Hapo hakuna jasusi, ila ni kweli kwamba upande wa pili unaona anwani yako ya mtandao na unajua kwamba kuna simu imeamka.

#4 Kokoto

Nimesoma. Nakubali suala la faili ya setilaiti, lakini sijakubali kuhusu modemu, sehemu inayowasiliana na minara ya simu. Mwezi Machi 2014 watengenezaji wa Replicant, mfumo huria wa simu, walieleza kwamba katika simu kadhaa za Samsung Galaxy, programu inayozungumza na modemu ilikuwa inaipa modemu uwezo wa kusoma, kuandika na kufuta faili kwenye hifadhi ya simu. Hayo hayakuwa makisio. Waliisoma programu hiyo na kuandika mbadala wake. Nitarudi kwenye hoja hii.

#5 Zamaradi_K

Habari zenu. Ninaona mnatazama chini ya sakafu kabla ya kutazama mezani. Kitambuzi amesema programu mbili hazikutoka F-Droid. Programu nyingi zinazosambazwa na kampuni hubeba ndani yake maktaba za msimbo za watu wengine: za kuhesabu watumiaji, za kuripoti hitilafu, za kupokea arifa. Maktaba za Firebase za Google, kwa mfano, huwasiliana na anwani zilizo chini ya googleapis.com, na baadhi yake hufanya hivyo hata kama simu haina huduma za Google kabisa, kwa sababu msimbo umo ndani ya programu yenyewe. Shirika la Exodus Privacy la Ufaransa limekuwa likichambua programu za Android na kuonyesha vifuatiliaji vilivyomo. Ukiingiza jina la programu, utaona orodha. Mimi nilipoangalia programu ya tochi niliyoitumia kwa miaka, niliifuta papo hapo.

Mkuu Kitambuzi, hebu tuambie hizo mbili ni za nini, na mfumo wako ni upi.

#6 Kitambuzi

Shukrani. Moja ni ya ujumbe na nyingine ni ya benki. Jina la mfumo nitalihifadhi, kwa kuwa wanaoutengeneza ni watu wanaojitolea na sitaki uzi huu ugeuke mashtaka dhidi yao. Itoshe kusema kwamba ni mmoja kati ya mifumo mikubwa inayojulikana.

#7 MsomaTaratibu

Kama ni LineageOS sishangai. Watafiti wa Trinity College Dublin na Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha mwezi Oktoba 2021 matokeo ya kupima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, pamoja na zilizowekewa LineageOS na /e/OS. Simu ziliachwa tu bila kutumiwa, kama alivyofanya Kitambuzi. Zote zilipeleka data nyingi kwa watengenezaji wa mifumo na kwa kampuni nyingine, isipokuwa yenye /e/OS. Kwa hiyo LineageOS ni mfumo mzuri wa kuongezea simu maisha, lakini tusiuite wa faragha.

#8 FundiSaa

Hapo pana kasoro, Ndugu. Katika jaribio hilo LineageOS iliwekwa pamoja na furushi la programu za Google, na ndizo zilizokuwa zikizungumza na Google. LineageOS yenyewe haiji na furushi hilo; ni mtumiaji anayeamua kuliongeza. Tofauti na /e/OS ni kwamba hawa wa pili, mradi ulioanzishwa na Gaël Duval, yule aliyeanzisha Mandrake Linux, wamebadilisha pia zile seva za chaguomsingi na kuweka microG, mbadala huria, mahali pa huduma za Google.

#9 MsomaTaratibu

Nimerudi kuisoma tena na umesema kweli. Nasahihisha chapisho la 7.

#10 MlindaLango

Nimefuatilia tangu mwanzo na ninaona wote mnajadili nani anasikia, wakati hakuna anayeuliza nani anaweza kuingia. Kitambuzi, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utazame tarehe za viraka vya usalama. Mifumo kama LineageOS huonyesha tarehe mbili: ya mfumo wa Android, ambayo itakuwa ya karibuni, na ya programu za mtengenezaji wa simu, ambayo nina hakika ni ya miaka iliyopita. Tarehe ya pili ndiyo inayohusu modemu, Wi-Fi, Bluetooth, kichakata picha na viendeshi vyake. Jumuiya haiwezi kuziba matundu hayo kwa sababu programu dhibiti, yaani zile zinazoendesha chipu zenyewe, ni za siri na zimetiwa saini na mwenye chipu au mtengenezaji wa simu.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2017 ulipatikana udhaifu uliopewa jina la Broadpwn katika chipu za Wi-Fi za Broadcom, zilizokuwamo katika simu nyingi za Android na za Apple, na mshambuliaji hakuhitaji mwenye simu abonyeze chochote. Mwaka 2023 kikosi cha usalama cha Google kiitwacho Project Zero kilitangaza kasoro 18 katika modemu za Exynos za Samsung, na nne kati yake zilimruhusu mshambuliaji aingie kutoka kwenye mtandao akiwa na namba ya simu tu. Mwenye simu inayopata masasisho alizibiwa. Mwenye simu iliyoachwa alibaki na tundu lake, hata kama juu yake kuna mfumo safi kiasi gani.

Tena kuna butiloda. Ukiifungua na kuiacha wazi, simu haiwezi kuthibitisha wakati wa kuwaka kwamba mfumo uliomo ni uleule ulioweka wewe. Mtu akiishika kwa dakika chache anaweza kubadilisha sehemu ya mfumo, na hutajua. Ni simu chache, kama za Pixel na Fairphone, zinazokubali kufungwa tena zikiwa na mfumo mwingine. Ndiyo maana GrapheneOS hutengenezwa kwa ajili ya Pixel peke yake, na simu inapomaliza muda wa masasisho ya programu dhibiti huiacha. Faragha bila usalama ni pazia kwenye dirisha lisilo na komeo.

#11 Nahodha_Mkavu

MlindaLango, heshima yako, lakini ushauri wako unaishia kwenye kununua simu mpya, na uzi huu unahusu simu za zamani. Simu iliyoachwa na mtengenezaji ikiwa na mfumo wake wa kiwandani ina matundu yote uliyoyataja, na juu yake ina matundu ya Android yenyewe ambayo hayajazibwa tangu siku hiyo. Aliyeweka mfumo wa jumuiya ameziba nusu ya matundu. Nusu si kamili, lakini si sifuri. Isitoshe, kila mtu ana adui wake. Mama yangu hawindwi na wapelelezi wa dola. Anachokitaka ni simu isiyomletea matangazo ya dawa kila anapozungumza na dada yake kuhusu maumivu ya goti.

Kwake sikubadilisha hata mfumo. Niliunganisha simu na kompyuta, nikatumia adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kuondoa programu zilizokuja na simu ambazo hazitumii, nikaweka DNS binafsi (seva ya kutafutia majina ya tovuti) inayozuia vifuatiliaji, jambo linalowezekana tangu Android 9, na nikazima kitambulisho cha matangazo. Butiloda imebaki imefungwa na programu ya benki inafanya kazi. Nikiri kwamba mara ya kwanza niliondoa kifurushi ambacho sikujua kinahusika na kuwasha skrini ya nyumbani, na simu ikawa inazunguka kwenye nembo bila kufika popote. Nililazimika kuirudisha katika hali ya kiwandani na kuanza upya. Kwa hiyo andikeni kila kifurushi mnachokiondoa, na ondoeni kimoja kimoja.

#12 Zamaradi_K

Nyongeza kidogo kwa Nahodha: njia hiyo haifuti programu, bali inaiondoa kwa mtumiaji huyo tu, na faili yake inabaki kwenye sehemu ya mfumo. Ndiyo maana ulipoirudisha simu katika hali ya kiwandani kila kitu kilirejea. Na kama huduma za Google bado zimo, basi mama amepunguziwa kelele, lakini sikio kubwa liko palepale. Sisemi ni vibaya. Ninasema tuite jambo kwa jina lake.

#13 Nahodha_Mkavu

Nimekubali marekebisho. Mama hajakubali, anasema simu yake imepona.

#14 BintiZuhura

Jamani, kabla mtu mwingine hajakimbilia kufleshi, yaani kubadilisha mfumo wa simu, kwa sababu ya uzi huu, naomba nieleze yaliyonipata. Nilifungua butiloda, nikaweka rikavari ya TWRP (mfumo mdogo wa kuwekea na kufutia mifumo), nikafuta sehemu zote nilizoziona kwenye orodha kwa kudhani kwamba usafi ni kufuta kila kitu. Mfumo mpya uliwaka vizuri sana. Tatizo ni kwamba simu haikutambua tena laini, na mahali pa namba ya IMEI palikuwa patupu. Nilikuwa nimefuta ile sehemu ndogo inayohifadhi utambulisho wa modemu na vipimo vyake vya kiwandani, ambayo kwenye baadhi ya simu huitwa EFS, na sikuwa nimechukua chelezo. Simu hiyo leo ni kisoma vitabu na kicheza muziki. Inafanya kazi hiyo vizuri, lakini si nilichokikusudia.

Fungua butiloda ukijua kwamba kitendo hicho chenyewe hufuta data zako zote. Chukua chelezo ya sehemu za modemu kabla ya jambo lolote. Hakikisha romu (faili ya mfumo mpya) ni ya modeli yako kamili, kwa kuwa simu mbili zenye jina moja la biashara huweza kuwa na chipu tofauti. Halafu angalia kama simu yako ina kinga ya kutorudi nyuma, kwa sababu ukiweka toleo la zamani kwenye simu yenye kinga hiyo inaweza kugeuka tofali.

#15 MtuWaMinara

Pole, BintiZuhura. Mimi naongeza upande wa mtandao wa simu, na hapa nitamuunga mkono Kokoto kwa sehemu. Hata simu isiyo na msimbo wowote wa siri, ikiwa na laini, inaujulisha mtandao iko karibu na mnara gani, maana bila hivyo simu haiwezi kuita. Hakuna romu inayobadilisha hilo. Unachoweza ni kuzima 2G kwenye simu zinazoruhusu, chaguo lililoingia katika Android 12, kwa sababu katika 2G simu haina namna ya kuthibitisha kwamba mnara ni wa kweli.

Vilevile jueni kwamba mitandao mingi inazima 3G, na simu iliyobadilishwa mfumo mara nyingine hupoteza uwezo wa kupiga simu kupitia 4G, kwa sababu sehemu hiyo ya programu ilikuwa ya mtengenezaji na haikuachiwa jumuiya. Mtu anaweza kujikuta na simu yenye faragha nzuri ambayo haiwezi kupiga namba ya dharura. Hilo lipimwe kabla.

#16 Kitambuzi

Nimewasoma wote, na nimetazama zile tarehe mbili kama alivyoagiza MlindaLango. Ya mfumo ni ya mwezi uliopita. Ya mtengenezaji ina miaka mingi. Sikuwa najua kwamba ziko mbili, na kwa hilo nakushukuru, ingawa limeniharibia usingizi.

FundiSaa, nitajuaje ni nani hasa anayeuliza kila jina? Pi-hole inaniambia jina na kifaa, hainiambii programu.

#17 FundiSaa

Pima mara mbili kwa wakati mmoja. Ndani ya simu weka PCAPdroid, ambayo haihitaji kuruti (kujipa mamlaka kamili juu ya simu). Inajifanya VPN na kukuonyesha kila muunganisho pamoja na jina la programu iliyouanzisha. Nje ya simu endelea na Pi-hole. Kinachoonekana kote kuwili, una jina la mhusika. Kinachoonekana nje tu, kimepita pembeni ya VPN, na hicho mara nyingi ni mfumo wenyewe, kwa kuwa Android huruhusu ule ukaguzi wa intaneti upite nje ya VPN. Kisha zima ukaguzi huo kwa kuweka captive_portal_mode kuwa 0 kupitia adb, utazame kinachobaki. Ukizima, kumbuka kwamba kwenye mitandao yenye ukurasa wa kuingilia itabidi ufungue ukurasa huo mwenyewe.

#18 Chembechembe

Mimi wasiwasi wangu uko mbele zaidi ya hapo. Tangu Machi 2025 Google iliamua kuutengeneza msimbo wa Android ndani kwa ndani na kuuachia umma baada ya toleo kukamilika, na Android 16 ilipotoka mwezi Juni 2025 haikuja na faili za kuijenga kwa ajili ya simu za Pixel kama ilivyokuwa desturi. Mwezi Agosti mwaka huohuo wakatangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia na Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi, simu zenye cheti chao zitakubali tu programu za watengenezaji waliojitambulisha kwao. F-Droid walisema waziwazi kwamba mpango huo unatishia uhai wao. Tunajadili nani anabisha hodi wakati mlango wenyewe unabadilishwa kitasa.

#19 Zamaradi_K

Angalia neno ulilolitumia mwenyewe: simu zenye cheti chao. Mfumo wa jumuiya usio na huduma za Google hauna cheti hicho, kwa hiyo sharti hilo haliufikii moja kwa moja. Mtu anaweza kusema kwamba tangazo hilo ni sababu ya kubadilisha mfumo.

#20 Chembechembe

Haliufikii moja kwa moja, lakini watengenezaji wadogo wakichoka na kuacha, hizo programu tutazitoa wapi? Na programu za benki tayari zinatumia Play Integrity, kipimo cha Google cha kukagua simu, kukataa simu ambayo butiloda yake iko wazi. Yangu ilikubali kwa mwaka mzima, kisha siku moja ikakataa, na benki ikaniambia simu yangu si salama, ilhali ya jirani yenye mfumo usiosasishwa kwa miaka mitano inakubaliwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na MlindaLango: kipimo kinachotumiwa dhidi yetu hakipimi usalama, kinapima utii.

#21 MlindaLango

Katika hilo hatutofautiani. GrapheneOS nao wanalalamikia jambo hilohilo, na wamewaomba watengenezaji wa programu wathibitishe vifaa kwa njia ya uthibitisho wa maunzi uliomo ndani ya Android, usiotegemea ruhusa ya Google. Nilichosema ni kwamba butiloda iliyo wazi ina gharama yake ya kweli. Kwamba benki inapima vibaya hakuifuti gharama hiyo.

#22 Kitambuzi

Nimerudi na matokeo ya usiku mbili.

Usiku wa kwanza niliweka PCAPdroid bila kubadilisha kitu. Anwani za googleapis.com zote zilitoka kwa programu ya ujumbe na ya benki, kama alivyosema Zamaradi_K. Jina la izatcloud.net lilitoka kwenye huduma ya mfumo inayohusu mahali. Lile la connectivitycheck lilionekana kwenye Pi-hole tu, kama alivyosema FundiSaa.

Usiku wa pili niliondoa programu zote mbili, nikazima ukaguzi wa intaneti, nikazima huduma ya mahali, na nikabadilisha seva ya saa. Kumbukumbu ilikuwa karibu tupu. Nasema karibu, kwa sababu saa nane na robo usiku Pi-hole iliandika ombi moja la fonts.gstatic.com kutoka kwenye simu yangu, na PCAPdroid haikuona chochote kwa saa hiyo. Simu ilikuwa mezani, haina laini, na sikuwa nimeacha ukurasa wowote wazi.

#23 Kokoto

Nilisema nitarudi.

#24 FundiSaa

fonts.gstatic.com ni seva ya herufi zinazotumiwa na tovuti nyingi mno. Kivinjari huenda kilikuwa kinaamsha kazi ya nyuma ya tovuti uliyoitembelea mchana, kabla ya PCAPdroid kuanza tena baada ya kusimamishwa na mfumo kwa ajili ya kuokoa betri. Angalia kama imeruhusiwa kufanya kazi chinichini bila kikomo.

#25 MtuWaMinara

Au si simu yako kabisa. Tangu Android 10, simu hutumia anwani ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye Wi-Fi) ya kubahatisha kwa kila mtandao. Pi-hole inatambua kifaa kwa anwani ya IP, na ruta ikigawa upya anwani hizo usiku, ombi la kompyuta ya mtu mwingine nyumbani linaweza kuandikwa kwa jina la simu yako. Je, kuna mtu alikuwa macho saa nane?

#26 Kitambuzi

Mdogo wangu alikuwa anasomea mtihani, ila anasema alizima kompyuta saa sita. PCAPdroid nimeikagua: haikuwa imeruhusiwa bila kikomo. Kwa hiyo maelezo yenu yote mawili yanawezekana, na la Kokoto siwezi kulikataa kwa ushahidi nilionao.

Usiku wa leo nimezima MAC ya kubahatisha kwa mtandao wa nyumbani, nimeipa simu IP ya kudumu kwenye ruta, na nimeondoa kikomo cha betri kwa PCAPdroid. Kivinjari nimekiacha kilivyo.

#27 Kokoto

Weka na laini ndani, mkuu. Bila laini modemu imelala.

#28 FundiSaa

Jambo moja kwa wakati mmoja. Usiku wa leo bila laini, kesho weka laini, ili kikionekana kitu tujue kimeletwa na nini. Kwa yale ya laini Pi-hole haitatosha, maana hayapiti kwenye ruta yako.

#29 MsomaTaratibu

Nami nina simu ya mwaka huohuo iliyowekewa postmarketOS, ambayo msingi wake ni Alpine Linux na haina Android ndani yake. Nitaiweka kwenye mtandao wangu usiku wa leo kwa masharti yaleyale, tulinganishe orodha asubuhi.

#30 Kitambuzi

Nakubali. Nimeiweka mezani sasa hivi, saa tano na dakika arobaini usiku.